Mkwaruzo wa piki: shajara ya gitaa, Moshi, Septemba hadi Oktoba 2024

Jumamosi, 7 Septemba

Mwalimu wa kwaya kanirudishia wimbo wa kwanza na ujumbe wa sauti wa sekunde sita: "Kijana wangu, gitaa limekaa vizuri, ila nyuma yako kuna mama anachambua mchele." Nilicheka. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza upya, kicheko kikaisha. Yupo kweli. Kila nota ya solo inatanguliwa na "tki" kavu, na nikishuka kwenye nyuzi nene inaingia "kwaru-kwaru". Sebene ya wimbo huu, ile sehemu ya gitaa la kasi, inakwenda mapigo 120 kwa dakika, nota nne kila pigo, yaani nota nane kwa sekunde. Tki nane kwa sekunde si kelele tena, ni chombo cha pili ambacho hakuna aliyekialika.

Niandike nilivyo navyo, nisije nikasahau baadaye nilianzia wapi. Gitaa la umeme la mtumba, limeigwa umbo la Stratocaster, pikapu tatu za koili moja moja (pikapu za gitaa, zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, si za kubebea ndizi). Kisanduku cha kurekodia kinachochomekwa kwenye USB. Kompyuta yenye REAPER, programu ya kurekodia. Kebo ya mita 3. Sina amplifaya chumbani, gitaa linaingia moja kwa moja. Chumba ni cha nyuma, nyumbani Pasua, bati juu na kuku dirishani. Nyimbo nne, na mwalimu anazitaka zote kabla ya Jumapili ya tarehe 13 Oktoba.

Mwaka jana kelele hii hii ilinipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akachukua 15,000, akabadilisha jeki, lile tundu la kuchomekea kebo, akasema limepona. Jeki ni nzima mpaka leo, sina neno nayo. Ila haikuwa na kosa.

Safari hii bisibisi haitoki kwenye droo mpaka nijue natafuta nini. Leo nimerekodi tu: uzi mmoja mmoja, wazi bila kubana, mapigo kumi ya kushuka na kumi ya kupanda, kwanza polepole kisha kwa nguvu. Halafu dakika moja bila kupiga chochote, mkono umekaa tu juu ya gitaa.

Jumapili, 8 Septemba, usiku

Nimesikiliza mara nne. Kelele si moja. Ziko tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni tki. Iko kwenye nyuzi zote sita, mwanzoni mwa nota, inakufa hapo hapo. Ya pili ni kwaru. Hiyo iko kwenye nyuzi tatu za chini peke yake, zile zilizosokotewa waya. Kwenye tatu nyembamba za juu haipo kabisa. Ya tatu sikuwa nimeijua hata siku moja: ile dakika ya kimya ina "kra... kra-kra", kama chumvi kwenye mkaa. Hakuna uzi uliopigwa pale. Ni kiganja changu tu kinasogea juu ya bamba la plastiki.

Kwaru sikuhitaji kwenda mbali. Uzi mnene una waya mwembamba uliozungushwa juu yake, mviringo kwa mviringo, ukiupapasa kwa ukucha unahisi vituta. Piki, kile kibapa cha plastiki cha kupigia nyuzi, ikipita pale kwa ubavu inafanya kile anachofanya mtoto akipitisha kijiti kwenye bati la uzio akirudi shule. Uzi mwembamba ni laini, hauna vituta, ndiyo maana uko kimya.

Jambo jingine, la aibu kidogo. Nimechomoa kebo nikapiga gitaa likiwa kavu, sikio nimeliegemeza kwenye pembe ya mwili wake. Tki ipo, na kubwa. Maana yake nusu ya ninachokisikia nikiwa napiga usiku kwa sauti ndogo hakitoki kwenye hedifoni, kinatoka hewani, kwenye ncha ya piki yenyewe, sentimita arobaini kutoka puani. Kuanzia leo sihukumu chochote nikiwa napiga. Narekodi, naweka gitaa chini, ndipo nasikiliza.

Jumanne, 10 Septemba

Piki. Ninayotumia ni ya seluloidi, nimeinunua na gitaa lenyewe, ina miaka miwili. Nimeishika mbele ya taa ya simu. Ukingo wa kushoto umelika kwa mshazari na una meno madogo madogo kama msumeno wa chuma. Ningeona hivi kisu cha jikoni ningekinoa siku hiyo hiyo, lakini piki nimeiacha miaka miwili kwa sababu "nimeizoea".

Nimekusanya nyingine tano. Mbili za nailoni, unene wa milimita 0.60 na 0.88. Moja ya Tortex ya 0.88, ambayo kwa kweli ni plastiki ya Delrin iliyopewa jina la biashara. Moja nene ya milimita 2, ncha ya mviringo, niliazimwa na mpiga besi. Ya mwisho nimeikata mwenyewe kutoka kwenye ile kadi inayobaki ukishatoa laini ya simu, kama tulivyofanya sote tulipokuwa shule.

Mdogo wangu kakaa na hedifoni mgongo amenipa, kila nikibadilisha namwuliza ipi ina mchele mwingi. Nilikuwa na hakika nyembamba ndiyo itakuwa pole. Wapi. Ile ya 0.60 ndiyo iliyopiga tki kali kuliko zote ukiondoa ya kadi. Nadhani ni kwa sababu inapinda, halafu ikiachia uzi inajifyatua na kuupiga tena, kofi dogo juu ya nota. Nene ya milimita 2 ilikuwa tulivu kabisa, lakini sebene yangu ikageuka ugali, vidole haviwezi kukimbia nayo. Tortex na nailoni za 0.88 zimekaa katikati. Nailoni ni laini zaidi kwenye nyuzi nene, Tortex ina tki fupi zaidi. Ya kadi ya simu mdogo wangu kavua hedifoni kabisa. "Kaka, hiyo itupe."

Zamani piki nzuri zilichongwa kwenye ganda la kasa, yule ng'amba wa baharini, mpaka biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku kwenye miaka ya 1970 chini ya mkataba wa CITES. Wazee wa magitaa bado wanaisifia sauti yake. Mimi sijawahi kuigusa na sina haja. Nailoni ya duka haijamuua mtu baharini.

Nimechukua Tortex, nikaipiga msasa. Namba 400 kwanza kuondoa kona, kisha 1000, mwisho nikaisugua kwenye paja la jinzi dakika tano mpaka ukingo ukateleza kwenye mdomo. Namaanisha mdomo. Mdomo unahisi kikwaruzo ambacho kidole kinakipita. Kwaru imeshuka sana. Tki kidogo.

Alhamisi, 12 Septemba

Umeme hakuna tangu saa kumi jioni. Hivyo ni mkono tu, na mshumaa.

Nimegundua naishika piki kwa mshazari mkubwa mno. Nilijifunza hivyo kwa sababu mshazari unapunguza ukinzani, piki inateleza juu ya uzi na kasi inakuja. Gharama yake ni kwamba sehemu ndefu ya ukingo inaburuzwa juu ya vile vituta. Nikiiweka bapa kabisa, kwaru inakufa, ila tki inakua na mkono unakwama. Nimetafuta pembe ya katikati, ubavu umeinama kiasi cha kiduchu tu. Halafu ncha: nilikuwa naizamisha kama jembe. Nimejilazimisha isivuke uzi zaidi ya milimita 2 hivi. Na nimesogeza mkono sentimita tatu kuelekea shingoni, kwa sababu ukipiga karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, sauti yote ni ya juu, na tki inaishi huko huko juu.

Saa moja ya mazoezi, polepole, mapigo 70. Kiwiko kinauma. Mkono wenye tabia ya miaka kumi na mbili haubadiliki kwa mshumaa mmoja.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo ilikuwa zamu ya kra-kra.

Nimelibeba gitaa mpaka Mbuyuni kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza redio na amplifaya. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Umeleta nini, mangi?"

"Gitaa, mzee. Linapiga kelele hata nisipolipiga."

Alilichomeka kwenye amplifaya yake ya majaribio, akalilaza mapajani, akapitisha kidole gumba juu ya bamba jeupe la plastiki. Kra-kra-kra. Hakusema kitu. Akainama, akalipulizia bamba pumzi ya mdomo, ile ya "haaa" ya kusafishia miwani, likafanya ukungu. Akapitisha kidole tena. Kimya. Alisubiri kidogo ukungu ukauke, akalisugua kwa mkono wa shati lake, akapitisha kidole. Kra-kra.

"Plastiki ina umeme wake," akasema. "Ukiisugua inajaza, ikijaza inaruka. Unyevu unaupeleka. Wewe ukipiga unavaa nini?"

"Shati la kwaya."

"Poliesta?"

Poliesta. Sare mpya ya zambarau, tumechangishana wote. Na huu ni msimu wa vumbi, hewa kavu, mvua za vuli bado. Nimepiga gitaa hili miezi mingi nikiwa na fulana ya pamba bila kusikia kra hata moja, kumbe kelele ilikuja na sare.

Nikamwuliza ni kiasi gani, akasema nikamnunulie chapati mbili. Ushauri wake ulikuwa foili ya jikoni chini ya bamba, iunganishwe na athi (waya wa ardhi), basi. Kwa haraka, kitambaa chenye unyevu kabla ya kurekodi, au tone la ile dawa ya kulainishia nguo, futa na ukaushe.

Jumapili, 15 Septemba

Nimelifungua. Skrubu kumi na moja, moja imelika kichwa, nimepoteza nusu saa kwayo.

Nimebandika foili mgongoni mwa bamba kwa gundi ya viatu. Hapa kuna mtego: gundi haipitishi umeme, kwa hiyo vipande viwili vya foili vilivyolaliana vinaweza kuwa visiwa viwili. Nilikunja kingo ili chuma kiguse chuma, nikapima kwa mita kutoka kona hadi kona, ikasoma chini ya omu 1. Athi ilikuja yenyewe, kwa sababu mwili wa potensiometa ya volyumu, kile kizungushio cha sauti, umelehemiwa kwenye waya wa athi, na nati yake inaukandamiza juu ya foili.

Kwa kuwa foili ilibaki, nikasema acha nifunike na shimo lote la ndani ya mbao. Tamaa. Nimefunga skrubu zote kumi na moja, nimechomeka, nimepiga. Hakuna. Hakuna tki, hakuna kwaru, hakuna gitaa. Suluhisho kamili la kelele zote duniani.

Nimefungua tena, skrubu kumi na moja. Swichi ya kuchagua pikapu ina miguu ya chuma iliyochomoza, na mmoja wa miguu hiyo, wenye sauti yenyewe, ulikuwa umeegemea foili ya ukuta wa shimo. Sauti yote ilikuwa inakwenda ardhini. Nimebandika tepu nyeusi ya umeme ukutani hapo, nimefunga kwa mara ya tatu. Linaimba. Nimevaa shati la kwaya nikalisugua bamba kwa makusudi kama mwehu: kimya. Na ule mngurumo wa 50 Hz wa umeme wa nyumba nao umepungua kidogo, zawadi ambayo sikuiomba.

Moja imekwisha.

Jumatano, 18 Septemba

Mazoezi tu, mapigo 90. Kuku wamerekodiwa.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimerudi kwenye tki. Mkono umebadilika, piki imebadilika, na bado kuna kitu. Rekodi ya pikapu ya karibu na shingo ni safi. Ya katikati na ya daraja zina tki yenye mwangwi mdogo nyuma yake, "tki-nn", kama mtu kagonga kikombe cha bati.

Jaribio la penseli: nimegonga kichwani mwa pikapu kwa upande wa raba, volyumu juu, bila kugusa nyuzi. Ya shingo karibu haisikiki. Zile mbili zinasikika kama maikrofoni. Nikasogeza mdomo nikasema "haloo" karibu na ile ya daraja, na haloo ikaja kwenye hedifoni, hafifu, ila ni sauti yangu. Pikapu haitakiwi kusikia maneno. Kazi yake ni kuhisi chuma kinachotikisika ndani ya sumaku. Ikisikia maneno, maana yake waya wa koili, ule mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara, haujakaza. Unatikisika wenyewe, na kila piki inapogonga, koili inagonga nayo.

Dawa yake ni nta. Viwandani huzamisha koili kwenye nta ya moto ili ijaze mianya yote na kuushika waya. Hizi mbili ama hazikuzamishwa ama zilizamishwa kwa haraka.

Kabla ya nta nimefanya jambo rahisi, nimezishusha. Zilikuwa juu mno, ncha ya piki ilikuwa inagonga kifuniko kila nikipiga kwa nguvu. Nimebana nyuzi kwenye freti ya mwisho (vile vijiti vya chuma vya shingoni), nikaweka nafasi ya milimita 2 kutoka uzi wa kwanza hadi kwenye pikapu, na 2.4 upande wa uzi wa sita. Sauti imepungua nguvu kidogo, lakini hilo linarudishwa kwenye kisanduku kwa kuzungusha tu.

Jumapili, 22 Septemba

Siku ya nta. Nitaiandika kwa kirefu kwa sababu nimeiogopa wiki nzima.

Fungu nane za nta ya mshumaa kwa mbili za nta ya nyuki. Mshumaa peke yake ukipoa unapasuka, nta ya nyuki inaupa ulaini. Mishumaa ya dukani, na nta ya nyuki kutoka kwa muuza asali wa sokoni ambaye aliniuliza kama natengeneza mafuta ya nywele. Gramu 160 kwa 40, imepimwa kwenye mizani ya mangi wa duka la jirani, kwa masharti kwamba nisimwachie mafuta.

Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kwenye jiko la gesi la mama mdogo. Nta haiwekwi juu ya moto wenyewe, inashika moto kama mafuta ya kukaangia. Mama mdogo ana kipimajoto cha maziwa, anauza mtindi, hapimi kwa kidole. Nimekiazima. Lengo ni nyuzijoto 60 hadi 65. Ikifika 70 naanza kuogopea plastiki ya koili, maana ikijipinda hairudi.

"Unapika nini humo?"

"Gitaa, mama mdogo."

"Haya. Ukimaliza uoshe sufuria."

Nimezitoa pikapu mbili, nimevua vifuniko vyao vya plastiki, nimezifunga uzi wa kushonea kwenye nyaya zake na kuzining'iniza kama vitumbua. Kipimajoto 63. Nikazizamisha.

Mwanzoni hakuna kitu, kisha yanaanza mapovu. Madogo, meupe, yanapanda kwa mstari kutoka kwenye ubavu wa koili, moja nyuma ya jingine, kama samaki anapumua chini ya matope. Kila povu ni hewa iliyokuwa katikati ya mizunguko ya waya, na palipotoka hewa panaingia nta. Nilikaa na saa mkononi. Dakika ya tano mapovu mengi, dakika ya kumi machache, dakika ya kumi na nne moja likapanda peke yake na halikufuatwa. Nikasubiri mbili zaidi. Joto lilipanda mara moja hadi 67 nikazima gesi, likashuka, nikawasha. Jiko lote lilinukia asali.

Nikazitoa, nikafuta nta ya nje kwa kitambaa ikiwa bado vuguvugu, nikazilaza kwenye gazeti mpaka jioni bila kuzigusa. Ukizigusa nta ikiwa laini umesogeza waya, na kazi yote bure.

Nimelehemu nyaya zilipokuwa, nimefunga skrubu kumi na moja (nazijua kwa majina sasa). Penseli ya raba, volyumu ile ile: kwenye REAPER mwinuko wa wimbi la kugonga umebaki kama theluthi ya ulivyokuwa. Nikasema haloo. Hakuna aliyeitika.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimerekodi wimbo wa kwanza upya. Ni bora mno, lakini nikilinganisha na gitaa langu la Jumapili kanisani, linalopita kwenye amplifaya ya kwaya, rekodi bado ina ukali fulani wa kioo. Amplifaya ile haina. Nimekaa na swali hili kutwa nzima.

Jibu liko kwenye spika. Spika ya amplifaya ya gitaa, ile ya inchi 12, si spika ya kusikilizia redio. Juu ya 5,000 Hz hivi inaanguka kwa kasi, haitoi tena kitu cha maana. Tki ya piki ina chakula kingi huko juu. Kwa hiyo kila aliyewahi kulisikia gitaa jukwaani amelisikia likiwa limechujwa na karatasi ya spika. Mimi nilikuwa natoa mbichi kwenye waya na kuiweka sikioni. Nimeweka chujio kwenye ReaEQ, kirekebisha toni cha REAPER, linalokata kuanzia 5,500 Hz. Ile kioo ikaondoka kama mtu kafunga dirisha.

Kisha kompresa, ile inayobana sauti inapokuwa kubwa, na hapa ni kosa langu mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Nilikuwa nimeiwekea muda wa kushika wa milisekunde 30 kwa sababu nilisikia "inahifadhi pigo". Inahifadhi, ndiyo. Tki nzima inapita mlangoni kabla mlinzi hajaamka, halafu mlinzi anaamka na kukandamiza nota yenyewe. Matokeo yake tki inakuwa kubwa kuliko nota. Nimeshusha hadi 3, na uwiano kutoka 6 kwa 1 hadi 3 kwa 1.

Na kebo. Mpiga besi ana kebo ya zamani ya mita 6. Kebo za kawaida zina kama pikofaradi 100 (kipimo cha umeme zinaohifadhi) kwa kila mita, na pikapu ya koili moja ikikutana na mzigo huo ina kilele chake cha mlio, hapo ndipo inapong'ara zaidi. Nikikadiria koili ya pikapu yangu ina henri 2.5 (kipimo cha nguvu ya koili) na pikofaradi 100 zake za ndani, kwa mita 3 kilele kiko karibu na 5,000 Hz, kwa mita 6 kinashuka karibu na 4,000. Wauzaji wanajisifu kebo zao "hazipotezi sauti ya juu". Mimi leo nimeazima kebo mbovu ili ipotee.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nyimbo tatu zimekwisha. Ya tatu nimeipeleka kwa mwalimu nikiwa na fahari: chujio limeshuka hadi 3,500, kizungushio cha toni kwenye gitaa nusu, piki nene ya milimita 2 kwa sababu wimbo ni wa polepole. Hakuna tki hata moja. Nilikagua mawimbi moja moja.

Jibu: "Hapa umelifunika blanketi. Nani amekufa?"

Ameniudhi, lakini nimesikiliza na kinanda na ngoma zikiwemo, na ana haki. Likiwa peke yake gitaa lilikuwa tamu. Ndani ya wimbo halionekani. Zile tki ndizo zilizokuwa zinamwambia msikilizaji nota imeanza wapi, hasa kwenye sebene, ambako gitaa la solo linajibizana na ridhim na kila moja lazima lisikike limeingilia wapi. Nilikuwa napima kelele kwenye gitaa lililo uchi, wakati hakuna mtu atakayelisikia likiwa uchi isipokuwa mimi.

Nimerudi Tortex, toni wazi, chujio 5,500. Tki zimerudi, kama robo ya zamani. Ngoma zikiingia sizisikii, nasikia tu gitaa limekaa mbele.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wimbo wa nne, uzi wa nne umekatika katikati ya rekodi nzuri kuliko zote. Nimebadilisha seti nzima, maana nyuzi mpya zina kwaru zaidi kuliko zilizolainika na jasho na sikutaka mmoja mpya ujitokeze katikati ya wazee. Nimezipiga saa mbili ili zizoee kabla ya kurekodi tena.

Jumamosi, 12 Oktoba

Faili nne zimeondoka saa tano usiku. Mwalimu kajibu kwa neno moja, "Zimefika," na swali kuhusu kinanda, ambalo halinihusu.

Kimebaki kipimajoto cha maziwa. Kina utando wa nta kwenye kioo ambao maji ya moto yanausogeza tu, hayautoi. Nimemrudishia mama mdogo jioni, akakinusa, akakiweka mezani. Amesema nimnunulie kipya kabla ya Jumatatu, maziwa hayasubiri, na hicho nibaki nacho.